Hodi Isiyo Yake

Mlango si mlango mpaka mtu asimame upande mmoja asijue kama upande wa pili kuna mtu. Kabla ya hapo ni mbao na bawaba tu, na fundi aliyeuchonga anaweza kukuapia hivyo. Mwajabu aliyawaza haya akiwa amepiga magoti, tambara mkononi na ndoo ubavuni, ndani ya chumba alichokipiga deki kwa miaka kumi na mmoja bila kumkuta mtu hata siku moja.

Chumba kilikuwa na meza, kiti chenye mgongo mrefu, na kibao cha shaba mlangoni kilichoandikwa MWENYEWE. Mwenyewe huyo alikuwa nani, katika mji ule hakuna aliyejua. Wazee walisema ametoka kidogo, atarudi. Vijana walisema hajazaliwa. Mwajabu, ambaye hakusoma sana lakini alifuta sana, aliamini kwamba yupo, kwa kuwa vumbi la kiti lilikuwa jepesi kuliko vumbi la dirisha. Hiyo ndiyo elimu ya watu wa usafi: huwajua wakubwa kwa vumbi lao.

Basi asubuhi moja ikabishwa hodi. Ilikuwa sauti ya mwanamume, kavu kidogo, sauti ya mtu anayebisha kwa mazoea tu na hatarajii kitu. Mwajabu alikuwa anakamua tambara. Kabla hajafikiri, ulimi ukatangulia.

"Karibu," alisema.

Usiniambie wewe ungenyamaza. Umelelewa, nami nimelelewa, na hodi ikija karibu hutoka yenyewe, kama jicho linavyojifumba mchanga ukirushwa. Hakuna mama aliyemfundisha mwanawe kuitikia hodi kwa kufikiri. Tunafundishwa kuitika, tena tunafundishwa kwamba mgeni akibisha mara tatu asiitikiwe, ageuke aende zake bila kinyongo, maana nyumba nayo ina siri zake. Mji mzima ule ulijengwa juu ya tabia hiyo, na waliouongoza walikuwa wameligundua hilo zamani. Ili umkatalie mtu shida yake, huna haja ya kumfukuza. Nyamaza mara tatu, atajifukuza mwenyewe, tena kwa adabu.

Aliyeingia alikuwa mzee mmoja jina lake Ngwali, na karatasi zake zilikuwa zimekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka. Alisimama katikati ya chumba. Miaka kumi na tisa alikuwa akija kila mwezi, daima mchana, anabisha hodi tatu, anarudi kwao; siku hiyo tu aliwahi. Hakuwa amejiandaa kuitikiwa. Alikitazama kiti chenye mgongo mrefu, akamtazama mwanamke mwenye ndoo, akakata shauri kwamba mwenye kuitika ndiye wa kuambiwa. Akakaa chini sakafuni, mahali pakavu, akaeleza. Kisima cha mtaa wao kilitiwa kufuli, na aliyekitia kufuli akafa na ufunguo. Ndilo jambo lenyewe. Mwajabu alilisikiliza lote, tambara likimchuruzika mapajani.

"Pole, mzee wangu," alimwambia.

"Miaka kumi na tisa nilikuwa namtafuta mtu wa kuniambia hivyo," alisema Ngwali, akainuka, akatoka.

Kesho yake kulikuwa na watu arobaini mlangoni. Keshokutwa wakaja kumkamata Mwajabu.

Kesi ilikwisha kabla chai ya hakimu haijapoa. Mwajabu aliisoma baadaye, alipopewa nakala ya mwenendo, karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili:

*Shahidi wa kwanza, Ngwali, ameapa.*
*Ulibisha hodi? Nilibisha.*
*Uliitikiwa? Niliitikiwa vizuri sana.*
*Na nani? Na mwenyewe.*
*Mwenyewe yupi? Huyo hapo, mwenye khanga ya zambarau. Mungu amzidishie.*
*Mshitakiwa, una swali kwa shahidi? Sina. Namshukuru.*

Hivyo ndivyo shukrani ya mzee mwema ilivyomtia hatiani. Kosa lenyewe lilikuwa dogo, hata Sheria ya Milango ililiita kosa dogo: kuitikia hodi isiyo yake. Jela hakupelekwa. Hakimu alisema mahakama ina huruma. Ikaamriwa kwamba kwa miezi kumi na minane Mwajabu asiitikie hodi yoyote, popote, hata nyumbani kwake, si kwa neno, si kwa kikohozi, wala kwa kumfungulia aliyebisha. Akikiuka, mlango wa nyumba yake utazibwa kwa matofali. Ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne.

Alirudi nyumbani akiwa hana hakika kama ameadhibiwa. Miezi kumi na minane ya kutoitikia hodi, alijiambia, ni sawa na kufunga saumu ya mdomo mmoja. Majirani watamwelewa. Kisha akaikuta barua chini ya mlango.

Ilitoka kwa Zamda, bintiye wa pekee, aliyeondoka miaka tisa iliyopita kwa maneno mabaya yaliyosemwa na pande zote mbili. *Mama,* iliandikwa, *mara ile miaka mitano nyuma nilikuja, nikabisha hodi tatu, nikaondoka. Huenda hukuwepo. Nitabisha tena Ijumaa ya pili kutoka leo, baada ya alasiri. Nisipoitikiwa nitajua, na sitakusumbua tena.*

Mwajabu aliisoma kwa kusimama. Alipofika penye *huenda hukuwepo* akakaa.

Sasa adhabu ikawa adhabu.

Mawakili wa mji ule hawakuchukua makosa madogo. Walisema kosa dogo halijazi kinywa. Kwa hiyo Mwajabu alinunua daftari, akakata ukurasa wa kati, akaandika rufaa yake mwenyewe, kwa mwandiko wa darasa la saba ambao kila herufi inajitegemea. *Mimi Mwajabu, mrufani, sina wakili. Sababu ya kwanza: mtu alibisha hodi. Sababu ya pili: hakuna mwingine aliyeitika.* Alipofika sababu ya tatu kalamu ikasimama. Aliikalia mpaka wino ukatoa doa, kisha akaandika: *Sababu ya tatu nitaisema mwenyewe kwa mdomo.*

Mahakama nayo haikukaa bure. Ilimleta Msikilizaji barazani kwake, mtu wa makamo aitwaye Vuai, na kibao cha kukalia na daftari kubwa lenye safu mbili: *aliyebisha* na *aliyeitika*. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mlango. Sikio lake la kushoto lilikuwa bovu tangu utotoni, basi alikaa ubavu, sikio zima likielekea bawaba, uso ukielekea barabarani, na kwa mbali ungedhani amenuna. Hakuwa mtu mbaya. Asubuhi ya kwanza alisafisha koo, akasema kwa aibu:

"Mama, mimi sibishi hodi. Nataka ujue tu nipo."

"Nimejua," Mwajabu alimjibu kutoka ndani.

Kilichomuumiza ni chai. Mtu amekaa barazani kwako tangu asubuhi, nawe unakunywa chai, humkaribishi: hayo ni malezi ya wapi? Lakini neno lenyewe liliogopesha. Akawa anamimina kikombe cha pili, anakiweka kizingitini, anarudi ndani. Vuai alikunywa, akarudisha kikombe palepale. Siku nzima hawakusemezana. Mtu akipita nje angeona kikombe kinachojaa na kukauka chenyewe.

Nyumba ya Rufaa ilikuwa juu ya kilima ambacho hakikuwepo alipokuwa mtoto. Ilikuwa ndefu, nyeupe, yenye mlango mmoja ulioachwa wazi kiasi cha kupitisha kiganja. Mwajabu alifika siku ya kwanza na karatasi yake kifuani. Alivua viatu. Akabisha.

"Hodi."

Ndani kulikuwa na watu. Alisikia kiti kikiburuzwa, mtu akipiga muhuri, mwingine akicheka na kujizuia. Alibisha mara ya pili, na kelele zikatulia. Alipobisha mara ya tatu ukimya ukawa mzito kuliko kilima chenyewe. Akavaa viatu vyake, akateremka. Wamo kazini, alijiambia, nitawakuta kesho.

Kesho ilikuwa vivyo hivyo, na keshokutwa pia. Siku za mji ule zilihesabiwa na mahakama, na mahakama haikuzihesabu kwa mpangilio unaofahamika. Siku ya sita ilikaa muda mrefu hata kuku wakataga mara mbili. Siku ya nane ilipita wakati Mwajabu anafunga kilemba. Kuna asubuhi alipanda kilima akiwa na miaka hamsini na mbili, akateremka akiwa msichana wa miaka saba anayefundishwa na bibi yake mlangoni kwa jirani: mara ya kwanza wakusikie, mara ya pili wajiandae, mara ya tatu waamue, na wakinyamaza, mjukuu wangu, wameamua. Alipofika chini akawa tena mama mzima mwenye karatasi yenye jasho. Hodi tatu, viatu, kilima. Hodi tatu, viatu, kilima.

Nani mwenye nyumba? Hilo lilianza kumla. Si aliyejenga, maana aliyejenga kafa. Si anayelala ndani, maana mfungwa naye hulala ndani. Mwenye nyumba ni yule anayeweza kusema karibu asiulizwe na nani. Basi mimi ni nani sasa, ndani ya kuta nilizozikandika kwa mikono yangu? Mpangaji wa ukimya. Nalala kwa mgeni. Nani huyo mgeni? Mimi.

Siku ya kumi na tatu, Jumatano, aliporudi kwa mguu wa kuburuza, Vuai alivunja mwiko wake.

"Mama, hiyo rufaa imefika wapi?"

"Haijapokewa. Nabisha, hawaitiki."

"Unabisha mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu narudi. Nifanye nini tena?"

Vuai aligeuza sikio zima kwake, kama aliyedhani hakusikia vizuri. "Mama," alisema polepole, "pale watu huingia tu."

"Kuingia bila kuitikiwa?"

"Mlango si uko wazi."

"Uwazi wa mlango si karibu," alisema Mwajabu, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo haikuwa ya Vuai. Siku kumi na tatu alikuwa ameteketeza kwa adabu. Angeweza kuwa na hukumu mpya mkononi, na bintiye angeingia nyumbani kwa neno moja tu. Alijiona mjinga, na papo hapo hakuona ni wapi angefanya tofauti. Malezi hayavuliwi pamoja na viatu. Usiku ule alilala na hasira, akaamka nayo.

Alhamisi, siku ya mwisho, aliusukuma mlango, akauacha mguu wa kulia utangulie, akafumba macho, akaingia. Ngozi ya mwili mzima ilimsisimka kwa aibu, kana kwamba amemkuta mtu akioga.

Ndani kulikuwa na makarani saba kwenye meza saba. Wote waliinua vichwa. Mkubwa wao, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba aitwaye Bi Saumu, alimtazama miguu mitupu, kisha uso.

"Wewe ndiye wa hodi?"

"Ndiye mimi."

"Tumekusikia siku zote. Una hodi nzuri, haina makeke."

"Mbona hamkuniitikia, mwanangu?"

Bi Saumu akashangaa kweli, si kwa dharau. "Tukuitikie sisi kina nani? Kesi yako si imo humu? Kila mmoja wetu ameisoma. Ukiitikia hodi isiyo yako, unaipata. Na mlango huu ni wa nani, wewe unajua?"

"Sijui."

"Basi na sisi hatujui. Lete karatasi."

Rufaa iliyowahi, katika mji ule, husubiri miaka. Iliyochelewa, na ya siku ya mwisho huhesabiwa hivyo, husikilizwa papo hapo, ili ionekane ilichelewa. Mwajabu alipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha jaji. Kilikuwa na kiti kirefu kitupu, na nyuma ya kiti kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa. Makarani saba walikaa ukutani na kalamu zao. Kutoka nyuma ya mlango ule ilisikika sauti ya mwanamume mzee.

"Mrufani yupo?"

"Yupo, Mheshimiwa," alijibu Bi Saumu, kisha akamnong'oneza Mwajabu: "Yumo humo miaka mingi. Ni mtu aliyelelewa. Hawezi kuingia bila kuitikiwa, na hakuna wa kumwitikia. Wewe sema tu, anasikia vizuri."

Mwajabu aliuelekea mlango. Alikuwa amejiandaa kwa uso, si kwa mbao.

"Sababu ya kwanza na ya pili nimezisoma," ilisema sauti. "Haziko mbali na ukweli, lakini hazikusaidii. Ya tatu ni ipi?"

Makarani wakangoja. Mwajabu alishika ncha ya khanga yake. Alikuwa hajawahi kulisema jambo hili, hata kwenye sijda.

"Miaka mitano nyuma mwanangu alibisha hodi nyumbani kwangu, Mheshimiwa. Ameandika kwamba huenda sikuwepo. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango napepeta mchele. Alipobisha mara ya kwanza nikasema moyoni, na asubiri, mimi nimesubiri miaka. Mara ya pili nikasema, na aumie kidogo. Mara ya tatu nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikasikia kandambili zake zikienda. Niliendelea kupepeta mpaka jioni na mchele ulikuwa umekwisha kwenye ungo, napepeta ungo mtupu. Tangu siku hiyo kila hodi ninayoisikia naitika. Nikiisikia redioni naitika. Watoto wakicheza kinyumba nyumba nje, naitika. Siku ile ofisini sikujifanya mkubwa. Nilikuwa namwitikia mwanangu kwa kuchelewa. Kama kuna kosa, Mheshimiwa, basi ni lile la mchele, na hilo hakuna aliyenishitaki."

Kalamu zilisimama. Bi Saumu alivua miwani akaifuta na kuifuta. Nyuma ya mlango jaji akapumua kwa namna ambayo watu hupumua wakitua mzigo.

"Uamuzi ninao," alisema. "Nimeuandika sasa hivi, umo mkononi. Nikiingia nitausoma."

Kisha akasema lile ambalo Mwajabu alikuwa ameanza kuliogopa tangu Bi Saumu amnong'oneze.

"Hodi."

Makarani saba waliinama mezani. Mwajabu peke yake alibaki ameinua kichwa, na ulimi wake ukainuka kinywani, ukagusa meno. Neno lilikuwa pale, silabi tatu, limeiva. Nikiitika ataingia. Huenda amenifutia. Sauti yake ni ya mtu aliyenifutia. Lakini nikiitika nimerudia kosa lilelile mbele ya kalamu saba, na kesho mlango wangu ni matofali, na mwanangu atabisha ukuta.

"Hodi," ilisema sauti tena, polepole zaidi. Kulikuwa na kitu ndani yake, na Mwajabu alikijua. Kilikuwa cha mtu aliyesimama nje muda mrefu. Haikuwa sauti ya mkubwa tena. Ilikuwa ya mzee Ngwali, ilikuwa ya Zamda, ilikuwa ya mtoto wa miaka saba mlangoni kwa jirani. Akaibana midomo kwa vidole viwili, kwa nguvu, mpaka meno yakauma nyama.

"Hodi."

Hakuitika. Wakasikia nyayo zikiondoka nyuma ya mlango, taratibu, bila kinyongo, zikapungua, zikaisha.

Bi Saumu aliandika kwa sauti: "Rufaa imesikilizwa. Uamuzi upo. Utasomwa jaji atakapoingia. Hadi hapo hukumu ya chini inaendelea." Akainua uso. "Ungemwitikia," alisema kwa upole wa kuudhi.

"Na ninyi je?" aliuliza Mwajabu. Makarani wakarudi kwenye mihuri yao. Alikwenda kuchukua viatu vyake. Mara ya pili maishani alikuwa amemnyamazia aliyebisha, na safari hii hata mchele hakuwa nao wa kujifichia.

Ijumaa alifagia nyumba ambayo hapana mtu angeingia. Alipika wali akauacha jikoni. Alijaribu kufikiri mbinu: aandike barua aibandike mlangoni? Vuai angeisoma, nayo ni namna ya kuitika. Amtume jirani? Majirani walikuwa wamekoma kupita upande ule. Amngoje bintiye njia panda? Aliifikiri sana hiyo. Lakini alijua Zamda hatakubali kukutwa njiani. Zamda anakuja kuupima mlango uleule, kwa hodi zilezile, na asipoitikiwa pale hakuna maelezo ya njia panda yatakayoziba pengo. Hasira za mtoto amezirithi kwa mamaye, kama pua.

Baada ya alasiri alikaa nyuma ya mlango, ungo mtupu mapajani. Nje Vuai alisogeza kibao chake. Mwanga uliingia kwa chini ya mlango, na kwenye mwanga ule kikasimama kivuli cha miguu miwili.

"Hodi."

Sauti ilikuwa imekuwa nzito. Miaka ilikuwa ndani yake, na vumbi la safari. Mwajabu aliudidimiza ungo mapajani. Kalamu ya Vuai ilisikika ikiandika upande wa *aliyebisha*.

"Hodi hapa."

Sasa imebaki moja. Mara ya tatu waamue. Alimfikiria jaji, mwenye uamuzi mkononi na mlango usoni, ambaye miaka yote hiyo hakujua la kufanya ila kubisha kuelekea ndani. Akajiuliza, kwa mara ya kwanza, kwa nini ndani tu. Amri ilimkataza kuitika. Haikumkataza kubisha, kwa kuwa ni nani aliyewahi kubisha hodi kutoka nyumbani kwake kwenda nje? Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na hawakusema mwenyeji akishindwa kumpokea mgeni afanyeje. Akausimamisha ungo ukutani. Akainuka, akavua kandambili, akasimama na paji la uso karibu na mbao.

"Hodi," alisema.

Nje Vuai aligeuza sikio zima. Kalamu yake ilikuwa juu, inaning'inia.

Zamda hakujibu. Alikuwa na haki hiyo, na Mwajabu aliijua ilikotoka, maana yeye ndiye aliyemfundisha.

"Hodi, mliopo huko nje," alisema mara ya pili.

Mchanga ulisagika chini ya kandambili. Kisha sauti nzito ikauliza, haiitiki, inauliza tu:

"Ile siku ulikuwepo?"

Angeweza kusema hapana. Barua ilishamwandalia uongo, kilichobaki ni kuupokea. *Huenda hukuwepo.* Ungekuwa uongo wa huruma, na mlango ungefunguka siku hiyohiyo.

"Nilikuwepo," alisema Mwajabu.

Kivuli kikaondoka chini ya mlango. Hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Alizihesabu kama alivyozihesabu zile za kwanza, na safari hii hakuwa na ungo mkononi. Ilikuwa imebaki hodi moja, na baada yake adabu ilimtaka ageuke arudi ndani, azeeke. Hapo ndipo alipojua uzito wa kubisha kwa mtu unayempenda. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Hodi, Zamda."

Mbali kidogo jogoo aliwika wakati usio wake. Vuai, ambaye hakulipwa kwa kuombea mtu, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Karibu," ilisema sauti, kutoka hatua tatu. Kisha, kwa namna ya mtu anayemwonea haya mgeni wake kwa nyumba isiyofagiwa: "Hapa nje padogo. Lakini karibu."

Mwajabu alifungua mlango, akatoka. Aliutanguliza mguu wa kulia, kama mtu anayeingia. Zamda alikuwa mwembamba kuliko alivyomkumbuka, na alikuwa na mvi moja mbele, na mkononi alishika mkoba ambao hakuuweka chini. Hawakukumbatiana. Mama alishika upande mmoja wa mkoba na binti hakuuachia, wakabaki wameushika wote wawili.

Nyuma yao upepo uliusukuma mlango ukajifunga.

Vuai alikuwa ameliinamia daftari lake. Upande wa *aliyebisha* alijaza jina la Zamda, akamwandika Mwajabu chini yake, akafika upande wa pili, akasita.

"Samahani, mama," alisema. "Natakiwa niandike aliyeitika, na wa kuitika ni mwenye nyumba. Ni nani hapa?"

"Muulize aliyenikaribisha."

Vuai alimtazama Zamda, akaitazama barabara iliyokuwa nyuma yake yote, na vumbi lake, na watu wake wanaopita. Akaifunga kalamu. Akainuka, akakisogeza kibao chake kuelekea kwao, akasimama pembeni.

Zamda aliutazama mlango uliojifunga.

"Mama, kule ndani sasa nani atatuitikia?"

Mwajabu naye aliutazama. Nyuma ya mlango ule wali ulikuwa unapoa jikoni na ungo umeegama ukutani.

"Hakuna mtu," alisema. "Nisogezee hicho kibao nikae."